Zawadi Imfaayo Mtu Asiyeweza Kuinua Mkono

(Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa humu kwa agizo la Halmashauri.)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya zawadi tunazowapelekea wanachama wetu wagonjwa, na hasa mgonjwa mwenye maradhi yaitwayo kwa kifupi ALS. Sikuchaguliwa kwa kuwa nina elimu ya udaktari, maana sinayo. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mimi ndiye niliyekosea.

Wengi wenu mwamjua mwenzetu yule, fundi wa kushona, ambaye suti zake zilivaliwa katika arusi nyingi za watu walioketi humu. Jina lake silitaji, kwa kuwa ndivyo alivyoomba. Sisi vijana humwita Mzee Fundi. Ugonjwa wake ulianza kwa mkasi kumponyoka mkononi. Akadhani ni uchovu. Halafu uzi ukawa haupiti katika tundu la sindano, wala si kwa kuwa macho yamefifia. Vidole ndivyo vilivyokataa. Ilichukua muda mrefu kabla daktari hajautaja ugonjwa kwa jina lake.

Basi ilipokaribia Krismasi, Halmashauri ilitoa fedha katika hazina, ikaniamuru nimnunulie zawadi. Nami nilizunguka madukani siku nzima ya Jumamosi. Nilinunua shati zuri jeupe lenye vifungo vidogo vya kung'aa, na viatu vyeusi vya kufunga kamba. Nikaongeza mfuko wa karanga za kukaanga, maana najua azipenda. Tulikwenda watu sita kumpelekea. Alilitazama shati kwa jicho la ufundi, akausifu ukosi, akatushukuru sana. Tukaomba dua, tukanywa chai, tukarudi makwetu tukijiona tumefanya jambo.

Baada ya majuma matatu nilikutana na mkewe sokoni. Nilimwuliza kama shati lilimtosha Mzee. Mama yule akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lamtosha, mwanangu, lakini hajalivaa. Alijaribu kulifunga peke yake asubuhi ya Jumapili, akashindwa na kifungo cha pili, akakataa nimsaidie. Hatukwenda kanisani siku ile." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilimpelekea mtu aliyeshona vifungo maisha yake yote jambo la kumkumbusha, kila asubuhi, kile alichopoteza. Karanga nazo alikuwa amewapa watoto, kwa maana zilikuwa zikimpalia.

Nilirudi nyumbani nikasoma, nami nitawaelezeni kwa ufupi. Katika mwili wa binadamu iko mishipa ya fahamu ipelekayo amri kutoka ubongoni, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye misuli. Katika ugonjwa huu mishipa hiyo hufa kidogo kidogo, na misuli isiyopata amri hunywea. Jean-Martin Charcot, daktari wa Ufaransa, aliueleza mwaka 1869. Huanza mkononi, au mguuni, au katika ulimi na koo. Hatimaye huifikia misuli ya kupumulia. Walio wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili za kwanza, ingawa wako waishio zaidi ya kumi. Dawa zipo za kuuchelewesha kidogo, lakini ya kuuponya haijapatikana. Kwa hiyo nawasihi, tusimpelekee mgonjwa chupa za watu wanaodai kuuponya. Tutakuwa tumempa matumaini ya uongo na kumla fedha za nauli.

Tena hauambukizi. Nasema haya kwa kuwa wako waliokataa kunywa chai katika vikombe vya nyumba ile, na mwenyewe aliona. Wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Wagonjwa wachache wameurithi; kwa wengi hakuna ajuaye sababu.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni hili: hisia hazipotei. Mgonjwa aona, asikia, na akili ya walio wengi hubaki timamu, ingawa wako ambao fikira na tabia zao hubadilika. Inzi akimtua usoni amhisi vizuri kabisa, ila mkono hauinuki kumfukuza. Chandarua kizuri, au feni ndogo ya mezani, ni zawadi ambayo mtu mzima mwenye mikono miwili hawezi kuikumbuka mpaka aketi karibu na kitanda hicho kwa saa moja.

Huko Marekani ugonjwa huu huitwa kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa New York, aliyecheza michezo 2,130 mfululizo pasipo kukosa hata mmoja, mpaka mwili ulipokataa mwaka 1939. Tarehe 4 Julai mwaka huo watu walijaa uwanjani kumuaga, wakampa zawadi nyingi, pamoja na kikombe kizito cha fedha kutoka kwa wachezaji wenziwe. Kila alipopewa kitu alikiweka chini, kwa kuwa mikono yake haikuweza tena kukishika. Alifariki mwaka 1941, naye ana miaka 37. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka shati langu. Watu wale walimpenda bila shaka, kama sisi tumpendavyo Mzee Fundi.

Sasa nirudi kwenye shati, maana habari yake haikuishia hapo. Nilikwenda kwa Mzee peke yangu, nikamwomba radhi. Alicheka. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, akaniambia, "Bwana karani, leta utepe ule wa kushikana wenyewe, wa viatu vya watoto wa shule." Nikauleta. Akamwita binti yake, akamketisha penye cherehani, akamwelekeza neno kwa neno: fumua vifungo vyote, ziba matundu kwa ndani, shona utepe chini ya ukingo, kisha virudishe vifungo juu yake, viwe vya pambo tu. Kazi ilichukua alasiri nzima. Mara mbili alimwamuru afumue aanze upya. Shati lilipokwisha, lilifungwa kwa kubonyeza kwa kiganja, na mtu aliye mbele yake asingeweza kujua. Jumapili iliyofuata alilivaa.

Tangu hapo binti yule ametengeneza nguo nyingine za baba yake, na suruali zenye mpira kiunoni, na shuka la satini la sehemu ya katikati ya kitanda, ambalo humsaidia mgonjwa kuteleza anapogeuzwa. Kila kitu ni kwa maagizo ya Mzee. Mimi naona zawadi iliyomfaa kuliko zote ni ule utepe, nao haukugharimu hata robo ya bei ya viatu.

Katika vyakula, yafaa kuuliza kwanza, maana kuuliza si ujinga. Wengi hupata taabu ya kumeza, na hata maji matupu huweza kuwapalia kuliko uji mzito. Lakini kukonda huwadhoofisha upesi, kwa hiyo vyakula laini vyenye nguvu vina thamani: parachichi lililopondwa, ndizi iliyoiva, maziwa ya mala, uji wenye maziwa na siagi. Mahindi ya kuchoma, karanga na biskuti kavu tuwaachie wenye koo zima. Mtaalamu wa hospitali ndiye ajuaye kila mgonjwa ameze nini, na mkewe Mzee ameandika maneno yake katika karatasi iliyobandikwa jikoni. Tuisome kabla ya kufungua vikapu vyetu.

Kijiko chenye mpini mnene hushikika mikono ingali na nguvu kidogo. Chaweza kutengenezwa nyumbani kwa kuzungushia kitambaa. Kiti cha magurudumu tusinunue kwa kukisia, kwani chataka vipimo, na shingo isiyojimudu yahitaji pa kuegemea.

Iko zawadi moja isiyongoja. Sauti ikianza kuharibika, huenda isirudi. Kijana mwenye simu ya mkononi aketi na mgonjwa mapema, amrekodi akiwaita watoto wake kwa majina, akisimulia ukoo, akicheka. Kwa Mzee Fundi tulichelewa kidogo, lakini tumepata habari za babu zake watatu, na maagizo ya kukata koti, yote yanasikika. Kwa siku zijazo tumemwandalia ubao wa herufi: mtu huonyesha herufi moja moja, na mgonjwa huashiria iliyo sahihi kwa macho, maana macho kwa kawaida hubaki na nguvu. Stephen Hawking, mtaalamu wa Uingereza aliyeambiwa ugonjwa wake mwaka 1963 na akaishi mpaka mwaka 2018, alipopoteza sauti mwaka 1985 alianza kwa kuinua nyusi mbele ya kadi za herufi, kabla ya kupata kompyuta ya kumsemea. Ubao wetu ni kipande cha kadibodi. Atakayekwenda kuzungumza naye aende na subira, wala asimmalizie maneno. Asipaze sauti, kwani Mzee si kiziwi, wala asimwulize mkewe, "Mzee ameamkaje?" na Mzee mwenyewe yuko hapo anamtazama.

Nimebakiwa na jambo moja, Bwana Mwenyekiti, nalo ndilo ombi langu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa usiku, mara mbili, mara tatu, na zaidi. Mama yule hajalala usiku mzima tangu mwezi wa Machi. Tumempelekea vitenge viwili na sukari, naye ametushukuru, lakini nilipomwuliza kwa faragha ni nini angependa, alijibu, "Kulala." Naomba Mkutano huu ukubali watu wawili wawili, mwanamume wa kumgeuza Mzee na mwanamke wa kumsaidia Mama kazi za nyumba, waende kila usiku wa Ijumaa mpaka asubuhi. Binti yake atatufundisha namna ya kumshika, pasipo kumvuta kwa mikono, kwani mabega huteguka kwa urahisi.

Karatasi ya zamu iko mezani kwa Mtunza Hazina. Ijumaa ya kwanza nimekwisha kujiandika mimi na mke wangu. Ijumaa ya pili haina jina bado.