Kibao cha Mlangoni na Usingizi wa Mgeni: Aina za Biashara za Malazi Wilayani Lushoto



Msafiri anayeshuka basini mjini Lushoto jioni, baada ya kupanda kilomita zipatazo 33 za kona kutoka Mombo, hukutana na vibao vingi vyenye neno moja: hoteli. Nyuma ya kibao cha kwanza kuna chai, chapati na maharage, wala hakuna kitanda. Nyuma ya cha pili kuna vyumba sita na mhudumu mmoja. Nyuma ya cha tatu kuna ukumbi wa mikutano, bustani, na mapokezi yasiyofungwa usiku kucha. Neno ni moja, biashara ni tatu, na kila moja ina mtaji wake, mgeni wake na wajibu wake.

Kuzitofautisha biashara hizi si mchezo wa maneno. Zipo familia zinazouza shamba au kuweka nyumba rehani ili zijenge mahali pa kulala wageni. Aina ikikosewa tangu msingi, deni hubaki na vyumba hubaki vitupu. Na aina ikiwa sahihi lakini wajibu wake ukapuuzwa, kinachopotea chaweza kuwa uhai wa mtu aliyelipa ili alale salama.

Aina ya kwanza, na ndiyo iliyoenea zaidi, ni nyumba ya kulala wageni, ambayo wengi huiita gesti. Hii huuza kitanda kwa usiku mmoja au mbili, na chakula si sharti. Mteja wake mkuu ni mfanyabiashara anayekuja kununua mboga na matunda ya milimani, dereva wa lori linalosubiri mzigo, na ndugu wa mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Watu hawa hawatafuti bustani. Wanatafuta shuka safi, maji, mlango unaofungika, na mahali palipo karibu na soko, stendi au hospitali. Gesti iliyojengwa mbali na vitu hivyo imejengwa mbali na wateja wake.

Aina ya pili ni hoteli kwa maana yake kamili: vyumba vyenye maliwato ndani, chakula, mapokezi ya saa zote, na mara nyingi ukumbi. Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na mji huu hupokea watu wa semina, mafunzo na mahafali. Wageni wa namna hiyo huja kwa makundi, hukaa siku kadhaa, na hulipiwa na taasisi zinazodai risiti. Mwenye hoteli asiyeweza kulisha watu 40 kwa wakati mmoja, au asiye na njia ya kutoa umeme ukikatika, huwakosa wageni hao hata kama vyumba vyake ni vizuri.

Aina ya tatu ni loji na kambi za mahema. Hizi hazimfuati mgeni alipo. Humwita aje kwenye mandhari. Mtu anayetaka kutazama tambarare kutoka Irente, kutembea katika msitu wa Magamba, au kuamkia ukingoni mwa milima kule Mtae, yuko tayari kulala mbali na stendi. Loji hujengwa kwa majengo ya kudumu, kambi hutumia mahema, na zote mbili huhitaji barabara inayopitika, maji ya uhakika na waongoza wageni wanaozijua njia. Wageni wao hufuata misimu. Mvua za masika zinapoharibu njia, vitanda hubaki vitupu wakati mishahara inaendelea kudaiwa.

Aina ya nne ni hosteli na nyumba za mapumziko, nyingi zikiwa za taasisi za dini na elimu. Vyumba vyake huweza kuwa vya kulala watu wengi, na maliwato ni ya pamoja. Bei ni nafuu na kanuni za ndani ni kali: saa za kufunga lango, katazo la pombe, utulivu wa usiku. Ukali huo huwavuta wanafunzi, wazazi na makundi ya vijana.

Aina ya tano ni malazi ya nyumbani, ambapo familia hutenga chumba kimoja au viwili na kumkaribisha mgeni mezani pake. Utalii wa kitamaduni nchini ulianza kuendelezwa kwa mpango maalumu katikati ya miaka ya 1990, na vijiji vya Usambara ni miongoni mwa vilivyonufaika. Anachonunua mgeni hapa ni maisha ya kawaida: kupika bada, kwenda shambani, kusikiliza hadithi za wazee. Mtaji wake ni mdogo kuliko aina zote, lakini faragha ya familia inaguswa, kwa hiyo wenye nyumba wote hupaswa kukubaliana kabla ya kuweka kitanda.

Aina ya sita ni nyumba au fleti inayopangishwa kwa siku au wiki, ikiwa na jiko lake. Mgeni huipata kwa simu au kupitia intaneti, hupewa ufunguo, na pengine haonani na mwenyewe. Hapo ndipo penye hatari: nyumba isiyo na mhudumu haina jicho. Majirani hawajui nani anaingia na nani anatoka, na mwenye mali hajui kama waliolala ni wawili au ni kumi. Chumba kinacholaza wageni kwa malipo ni biashara hata kikiwa uani, nayo leseni inakihusu.

Baada ya aina, huja hesabu. Chukua mfano wa gesti ya vyumba 8 inayotoza shilingi 20,000 kwa usiku. Vyumba vyote vikijaa siku 365, mapato ya mwaka ni shilingi 58,400,000. Lakini hakuna nyumba inayojaa kila siku. Vikilaliwa vyumba 4 kwa wastani, mapato ni shilingi 29,200,000, na humo hutoka mishahara, umeme, maji, sabuni, shuka, ukarabati, ushuru, kodi na marejesho ya mkopo. Mwenye gesti hiyo akijenga vyumba vingine 12 bila wageni kuongezeka, bado vitalaliwa vinne. Mapato hayabadiliki, ila deni limekua. Swali la kwanza, basi, si vyumba vingapi vinaweza kujengwa kwenye kiwanja, bali ni wageni gani wanaolala Lushoto usiku wa Jumanne ya kawaida, usio na harusi wala semina.

Kuhusu taratibu, jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni ya biashara hutolewa na halmashauri. Malazi ya watalii huhitaji pia leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Anayeuza pombe ndani ya gesti au hoteli anahitaji leseni ya vileo iliyo peke yake. Ushuru wa nyumba za kulala wageni ni sehemu ya mapato ya halmashauri. Nazo nyota zinazoonekana katika vibao hazichorwi kwa hiari: nchi za Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya daraja 1 hadi 5, na nyota hutolewa baada ya ukaguzi. Mwenye kujipachika nyota anamdanganya mgeni.

Lipo jambo lisilotofautiana kati ya aina zote sita, nalo ni usalama wa aliyelala. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti inajulikana na kila mkazi. Mgeni kutoka pwani hutetemeka, huomba jiko la mkaa, na mhudumu mwenye huruma humpelekea chumbani. Huruma hiyo inaua. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hupitiwa bila kuamka. Kauli ni moja tu: jiko la mkaa halilali chumbani, hata likionekana limezimika. Badala yake atolewe blanketi la pili na la tatu, na maji ya moto ya kuoga. Chumba cha Lushoto kisicho na blanketi la pili ni chumba kinachoita jiko.

Vivyo hivyo kwa moto. Madirisha yenye nondo zisizofunguka humzuia mwizi, lakini humfungia pia anayeukimbia moshi. Angalau dirisha moja la chumba lifunguke kutoka ndani, njia ya kutokea isigeuzwe stoo ya magodoro, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ibandikwe ukutani.

Kitabu cha wageni nacho ni kinga. Jina, namba ya kitambulisho, atokako na aendako mgeni si udadisi wa mhudumu. Ndicho kitakachosaidia ndugu kumtafuta aliyepotea, na polisi kumfuata aliyetenda kosa. Mtoto, ambaye kisheria ni kila aliye chini ya miaka 18, akiletwa na mtu mzima ambaye uhusiano wake naye haueleweki, mhudumu hapaswi kupokea fedha na kunyamaza. Aulize, na akiona shaka, apige namba 116 ya huduma kwa mtoto au awaarifu polisi.

Hatimaye, mhudumu mwenyewe. Katika gesti nyingi msichana mmoja hufua, hupiga deki, hupokea wageni, kisha hulala kwenye benchi la mapokezi akisubiri kugongewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Anayeona masharti hayo ni mazito akumbuke kwamba funguo zote za nyumba ziko mikononi mwa binti huyo, na kwamba mtu asiyelala hawezi kulinda usingizi wa wengine.

Anayekusudia kuanzisha biashara ya malazi afike kwanza kwa mtendaji wa kata, kisha kwa afisa biashara na afisa afya wa halmashauri, akiwa na mchoro, kabla ya kununua tofali la kwanza. Ushauri uliotolewa mchoro ukiwa karatasini hugharimu kifutio. Uliotolewa baada ya paa kuezekwa hugharimu nyundo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hupona pale ambapo mgeni ameamka salama, akalipa kwa roho nyeupe, na akiwa safarini akamwelekeza mwingine mahali alipolala.