Tukiwa Pamoja kwenye Chakula cha Noeli, Tuzungumze Nini?

Popote unapotusikiliza, iwe Nyarugusu, Nakivale, Uvira, Baraka au Bujumbura, karibu katika kipindi chetu. Kama unachambua maharage, endelea na kazi yako. Sisi tunaomba sikio tu.

Noeli imebaki siku chache, na baada yake ni Bonane. Tunajua kwamba kwa wengi wenu sikukuu ya safari hii haina sahani zilizojaa. Mgao wa chakula ni mdogo, na bei ya kuku sokoni inamfanya mtu apite kama hakumwona. Kwa hiyo leo hatuzungumzi kuhusu namna ya kupata kuku. Tunazungumza kuhusu kinachotokea baada ya chakula kuwekwa chini: watu wananawa, wanakula kimya, kila mmoja anainuka na kwenda zake. Baba anakwenda kwa rafiki zake. Vijana wanakwenda kutazama video. Mama anabaki na vyombo, na bibi anabaki na kiti chake.

Utasema, lakini sisi tulifundishwa kwamba mtoto hazungumzi akiwa anakula. Ni kweli, na ni adabu nzuri, hasa kama kuna samaki mwenye miiba. Lakini kumbuka kwamba kule nyumbani kimya cha kula kilikuwa na mahali pa kuishia. Wanaume walikuwa na baraza yao, Wabembe wanaiita lubunga, na akina mama walikuwa na moto wa jikoni. Maneno yalisubiri tumbo lishibe, halafu yakaanza. Kambini, lubunga haipo. Moto nao unazimwa mapema kwa sababu kuni ni shida. Hivyo tumebaki na kimya, na mazungumzo yaliyokuwa yakikifuata yamepotea.

Fikiri kidogo kuhusu miaka. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, watu walipovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita vya Kongo. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1997 leo ni mtu mzima, na huenda ana watoto wake. Kwa hiyo kwenye mkeka mmoja wa Noeli wanakaa watu wa vizazi vitatu, na ni kizazi kimoja tu kilichoiona nyumba ile, mto ule, na makaburi ya mababu. Majina ya ndugu yamo kichwani mwa bibi. Hayajaandikwa popote. Bibi akilala siku moja asiamke, nani atakuambia shangazi yako aliolewa kijiji gani?

Basi tuanzeje? Ushauri wetu ni huu: usianze na vita. Ukimwambia mzee, "Tusimulie tulivyokimbia," atakujibu maneno matatu na kunyamaza, au atasema mambo ambayo wewe mwenyewe hukuwa tayari kuyasikia. Anza na kile kilicho mbele yenu, yaani chakula.

Chukua mfano wa samaki. Yule ambaye mtu wa Uvira na mtu wa Bujumbura wanamwita mukeke, mtu wa Kigoma anamwita mgebuka. Ndagala za Kongo na Burundi ndizo dagaa za Tanzania. Ziwa ni moja, samaki ni yule yule. Mtoto wako aliyezaliwa kambini labda anasema dagaa, na bibi yake anasema ndagala. Muulize kwa nini. Hapo tayari umefungua mlango, maana jibu la swali hilo ni historia ya familia nzima.

Au bugali. Watoto wengi wa kambini wamekua na unga wa mahindi wa mgao. Mzee wao alikua na bugali wa muhogo, na sombe yenye mawese. Tuseme mjukuu anauliza hivi:

"Koko, siku ya Noeli huko nyumbani nani alikuwa anatwanga sombe?"

"Dada zangu wawili. Mimi nilikuwa mdogo, nilitumwa maji."

"Na firigisi ya kuku nani alikula?"

"Eh! Firigisi ni ya baba. Lakini kaka yangu mkubwa aliiba mara moja, na alilala nje."

Sasa angalia mjukuu amepata nini kwa maswali mawili. Bibi alikuwa na dada wawili na kaka mmoja mkubwa. Swali linalofuata linakuja lenyewe: "Kaka yako huyo aliitwa nani?" Swali la firigisi tunalipenda sana, maana hakuna nyumba ambayo halileti kicheko au ugomvi mdogo. Kuna maswali mengine ya namna hiyo. Nani alishona nguo mpya za watoto za Bonane? Mlitembea saa ngapi kwenda kanisani? Nani alipiga ngoma? Hata kama ninyi si Wakristo, Idi ina maswali yake: nani alipika, nani alipelekewa sahani, na mlianzia nyumba gani kutoa salamu.

Jambo moja dogo lakini kubwa. Mara nyingi aliyepika hayupo mazungumzo yanapoanza. Yuko nje anasugua sufuria. Siku hiyo, baba, waambie vijana wa kiume waoshe vyombo baadaye, na mke wako akae. Yeye pia ana kwao. Ukoo wa mama hausimuliwi mara nyingi, na watoto wanakua wakijua upande mmoja tu.

Kuna nyumba nyingi pia zenye mtoto ambaye si wa tumbo la mama wa nyumba hiyo. Alipotezana na wazazi wake njiani, mkampokea, akakua na wenu. Siku ya kuulizana majina ya babu na bibi, huyu anakaa akitazama sahani. Usimwache hivyo. Siku moja kabla, mwite pembeni kwa upole umuulize kama angependa kusema lolote kuhusu kwao. Akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, mpe nafasi kama wengine, hata kama anachokumbuka ni wimbo au rangi ya mlango tu. Usicheke na usimsahihishe. Kitu kidogo anachokumbuka mtoto, kama jina la soko, la shule au la mto, kimewahi kuwa mwanzo wa kumpata mzazi.

Sasa tuje kwenye lililo gumu. Itatokea kwamba mtu ananyamaza ghafla, au analia. Usimwambie, "Nyamaza, leo ni sikukuu." Sogea karibu naye. Mpe maji. Acha mwingine azungumze, au kaeni kimya pamoja. Usiendelee kumwuliza. Wapo mama zetu na baba zetu waliotendewa mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto, na wana haki ya kutoyasema. Ukiona siku zinapita naye halali au hali, mpeleke kituo cha afya uombe kuonana na mshauri. Hiyo si aibu kwa familia.

Na wewe mzee unayesimulia, chagua maneno. Ukisema, "Watu wa kabila fulani walituua," mtoto anaondoka pale na kabila zima kichwani, na kesho anakaa nalo darasani. Ukisema, "Watu wenye silaha walikuja usiku wakachoma nyumba yetu," umesema kweli, na hujampa mtoto adui asiyemjua. Kama kulikuwa na jirani wa kabila jingine aliyewaficha au kuwapa mtumbwi, lisemwe hilo pia, kwa jina lake. Mara nyingi hilo ndilo linalosahauliwa kwanza.

Kuna mada moja tunayokushauri uiweke kando siku hiyo, ingawa wengi wataitaka: turudi nyumbani, tusubiri kupelekwa nchi ya tatu, au twende mjini? Baba anataka hili, mama lile, kijana jingine. Uamuzi huo unahitaji siku yake, bila wageni. Lakini mnaweza kuulizana nusu ya swali: kila mmoja anatamani nini? Muulize binti yako wa miaka kumi na tano, halafu umsikilize mpaka mwisho bila kumgeuzia mahubiri. Kijana akiona kwamba kila analosema linageuzwa kesi, mwaka ujao atakula haraka zaidi.

Mwisho, tafuta karatasi. Mtoto anayejua kuandika vizuri awe mwandishi wa siku hiyo. Aandike jina kamili la kila ndugu anayetajwa, majina mengine aliyoitwa, jina la baba yake na la mama yake, kijiji, na mahali alipoonekana mara ya mwisho na mwaka, kama unajulikana. Hizi ndizo habari ambazo Msalaba Mwekundu huuliza unapoomba wakusaidie kumtafuta ndugu mliyepotezana kwa sababu ya vita. Anayejua tu "mjomba wa Baraka" hawezi kusaidiwa sana. Anayejua majina matatu, kijiji na mwaka, kazi inaweza kuanza. Huduma hiyo ni bure, na mtu akikudai pesa kwa ajili yake, usimpe. Kama ndugu anajulikana aliko lakini simu haimfikii, uliza kuhusu barua ya Msalaba Mwekundu. Hutumwa ikiwa wazi na husomwa kabla ya kupelekwa, kwa hiyo andika habari za familia tu: nani amezaliwa, nani amefariki, nani mgonjwa, sisi tuko wapi. Siasa na habari za vita haziingii humo.

Karatasi ikikauka wino, ikunje, uitie ndani ya mfuko wa plastiki, uiweke pamoja na kadi yako ya chakula. Hiyo kadi huiachi nyuma hata mvua ikibomoa nyumba.

Noeli njema, msikilizaji, na Bonane kwa wote wa nyumbani kwako.