Kitenzi "Kukusudia" Mahakamani: Lugha na Nia ya Mtenda katika Mashtaka ya Kuua, Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi



Nitazungumzia kitenzi kimoja tu, kukusudia, na kazi kinayoifanya mtu anaposhtakiwa kwa kuua. Nimechagua wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa huko mshtakiwa aghalabu huingia mahakamani na lugha mbili: Kihangaza au Kishubi cha nyumbani, na Kiswahili cha shule na soko. Sheria itakayomhukumu ilitungwa katika lugha ya tatu, Kiingereza. Hoja yangu ni kwamba jina la Kiswahili tulilolipa kosa hilo kubwa ni finyu kuliko kosa lenyewe, na ufinyu huo waweza kumgharimu mtu uhai wake.

2.0 Mgawanyo wa kisheria

Nitafuata hesabu ya vifungu ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la mwaka 2002. Kwa kifungu cha 195, anayesababisha kifo cha mwingine kwa tendo lisilo halali, au kwa uzembe mkubwa wa kuacha linalompasa, ana kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake haizidi kifungo cha maisha, na hakimu ana uhuru wa kuipunguza. Kwa kifungu cha 196, tendo hilo likiambatana na nia ovu, kosa ni kuua kwa kukusudia, na adhabu ni kifo. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunakiuka haki ya uhai.

Marehemu ni yule yule, na panga ni lile lile. Kinachotenganisha makosa haya mawili kimo ndani ya kichwa cha mtenda.

3.0 Ufinyu wa jina

Je, nia ovu ni nini? Kifungu cha 200 kinataja hali nne: kukusudia kuua au kudhuru vibaya, kujua kwamba tendo huenda likaua au likadhuru vibaya, hata kama mtenda hajali, kukusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, na kukusudia kumsaidia mhalifu kutoroka.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Ngara amegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba la migomba, akampiga panga mguuni, na jirani akafa kwa kuvuja damu. Anasomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Anajibu: "Sikukusudia kumuua, nilitaka kumkata mguu tu, asirudi tena shambani kwangu." Kwa mizani ya Kiswahili amekana. Kwa mizani ya kifungu cha 200 amekiri, kwani amekusudia dhara kubwa. Jina la kosa limemwongoza kujitetea pasipohitaji utetezi na kujifunga palipouhitaji.

Lugha za nyumbani hazimwokoi. Kirundi na Kinyarwanda, jamaa za karibu za Kihangaza, hutumia kitenzi kwica kwa kila namna ya kuua. Hata kuvunja sheria huelezwa kwa kitenzi hicho hicho. Kuua chetu nacho hutaja matokeo na kuinyamazia nia. Mkalimani akiuliza tu, "Uliua?", jibu la "Ndiyo" halijasema lolote kuhusu kosa gani limetendwa.

4.0 Mahakama husomaje nia?

Nia haionekani, husomwa katika ishara. Katika Rufaa ya Jinai Na. 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilizitaja: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, mwenendo wa mtenda, na maneno aliyoyatamka kabla, wakati au baada ya tendo. Maneno hayo, kule Ngara, huenda yalitamkwa kwa Kihangaza.

Hata kughadhibishwa, kunakoshusha kosa, hupimwa kwa mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa. Tusi halipimiki bila kuijua lugha lililotukaniwa. Ama panapodaiwa ugonjwa wa akili, mshtakiwa hupelekwa Isanga, Dodoma, kuchunguzwa. Huko nako daktari huanza na mazungumzo.

5.0 Hitimisho

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Nilifurahi, lakini furaha isitulewesha. Kubadili lugha ya shauri hakutoshi iwapo istilahi inapotosha. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mshtakiwa aelezwe viini vya kosa kimoja kimoja, kwa lugha aijuayo, wala asisomewe jina tu. Pili, wanaistilahi walipime upya jina hili: kuua kwa nia ovu lingekuwa karibu zaidi na sheria kuliko kuua kwa kukusudia.

Wanafunzi wangu, huwa mnaniuliza isimu ina faida gani. Mkulima wetu yuko kizimbani, na jaji amemaliza kumsomea shtaka. Jibu lenu limo katika kile alichokielewa.