Siku ya Hesabu kwa Wazazi na Watoto

Ndugu zetu wana-Usangi, mlio nyumbani na mlio mjini,

Tumezoea kuwaomba mabati na madawati. Safari hii tunaomba Jumamosi moja ya hesabu shuleni, mzazi na mtoto pamoja.

Mzazi akiitwa shuleni anajua ni michango, au mtoto kakosa. Daftari la hesabu halifungui, husema, “Mimi sikusoma.” Lakini huyo huyo gulioni hukadiria mkungu wa ndizi kwa jicho, akatoa faida na chenji kichwani. Mwanawe hajaambiwa kwamba hiyo ndiyo hesabu.

Meza zitakuwa uwanjani, si darasani. Kwenye bao, mashimo 32 na kete 64, wazee ndio walimu. Kwenye meza ya vyombo kuna sufuria, sinia na kamba. Zungusha kamba ukingoni, kisha ipime kwa upana wa chombo: itaingia mara tatu na kipande kidogo, chombo kiwe kikubwa au kidogo. Mtoto akiliona hilo kwa mkono wake, ile 22/7 haikariri tena kama kasuku.

Zawadi za washindi hatutaki. Mzazi akiaibika mbele ya mwanawe, mwakani haji. Wala hatutapanga siku ya gulio, maana tutabaki na walimu peke yao!

Tufanye kama msaragambo. Mwenye mbao alete mbao za bao, fundi alete randa, mwenye unga alete wa uji. Mlio mbali, jazeni kadi ya ahadi iliyomo humu: kamba, chaki na sukari bado hazina mwenyewe.