Pikipiki Imegoma Kuwaka? Anza Hapa

Ndugu zetu bodaboda mnaosubiri abiria wa kivuko pale Magogoni, leo tunazungumza nanyi. Umepiga kiki mpaka jasho linakutoka, chombo kimenyamaza. Kabla hujaita fundi, kagua mwenyewe kwa mpangilio.

Kwanza, swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani: abiria huigusa bila kujua. Weka gia huru, kunja standi ya pembeni. Kisha fungua koki ya mafuta na utikise tangi usikie kama yamo.

Pili, umeme. Honi ikilia kwa unyonge, betri imechoka au vichwa vyake vimeshika kutu. Upepo wa chumvi wa baharini huharakisha kutu hiyo. Visugue, kaza nati.

Tatu, plagi. Injini ikishapoa, fungua plagi. Ikiwa imelowa petroli, umeinywesha injini kupita kiasi: ikaushe, irudishe, zima choki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki. Ikiwa kavu kabisa, huenda mafuta hayafiki. Kabureta au koki imeziba. Ikiwa nyeusi kwa masizi, angalia chujio la hewa.

Kama ni baada ya mvua, kausha kofia ya plagi na waya wake kwanza.

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti kuchungulia tangi. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini hushika moto upesi. Yote hayo yakishindikana, mpelekee fundi. Safari njema.