Mtaro Usifukiwe Kabla ya Usiku Kupita
Mada kwa semina ya mafundi wa maji na gesi, Bugendana, Gitega, Burundi



Bugendana ni nchi ya vilima, na maji yetu mengi hayasukumwi na pampu. Chemchemi inajengewa huko juu, bomba linafuata mteremko, maji yanashuka yenyewe hadi kwenye robine ya mtaa, ya shule na ya kituo cha afya. Kwa nchi yenye umeme haba, mfumo huu ni neema. Lakini una tabia moja inayozaa sehemu kubwa ya makosa tunayoyafukua: mchana hauonyeshi nguvu zake zote.

Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban baa 1 ya presha. Bomba lililoandikwa PN 6 limetengenezwa kubeba baa 6, yaani mita 60 za maji. La PN 10 hubeba mita 100. Sasa chukueni chemchemi iliyo mita 90 juu ya robine. Mchana watu wanachota, maji yanatembea, na presha inapungua njiani kwa sababu ya msuguano. Usiku robine zote zikishafungwa, maji yanasimama, na mita zote 90 zinalikalia bomba. Likiwa la PN 6, huenda lisipasuke usiku wa kwanza. Huchoka polepole, na maungio ndiyo hutangulia kuachia. Asubuhi fundi anaitwa wakati ndoo zimepangwa foleni. Anaunga, anafungulia, anaona pamekauka, anafukia, analipwa. Siku chache baadaye anaitwa tena, hatua chache chini ya pale pale, na watu wanasema bomba limezeeka.

Waliochora mitandao hii waliliona jambo hilo, ndiyo maana wakaweka njiani matangi madogo ya kupunguza presha. Maji yanaingia tangini, yanapumua, yanaanza safari upya bila uzito wa juu. Tunakuta nini tukiyafunua? Boya limeharibika, maji yanamwagika, majirani wanalalamika, basi mtu amechukua kipande cha paipu akaunganisha njia ya kuingilia na njia ya kutokea moja kwa moja. Pale juu pamekauka kweli. Huko chini, maungio yote yamebebeshwa mzigo ambao hayakutengenezewa, na atakayeitwa huko hatajua chanzo kiko kilima cha juu.

Nieleze ungio moja nililolifukua kando ya shamba la migomba. Lilikuwa bomba jeusi la poliethilini, milimita 32, lililokatwa na jembe kwa sababu lilizikwa kina cha kiganja tu, wakati lilistahili walau sentimita 80. Aliyeliunga alipasha ncha moja kwenye makaa mpaka ikalainika, akaipanua kwa kijiti, akachomeka ncha ya pili ndani yake, kisha akazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, na kukaza kwa waya. Ulikuwa mkono hodari, na simlaumu: kiungio halisi kinauzwa mjini, tyubu kuukuu ipo nyumbani, na watoto wana kiu sasa hivi. Ungio lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi. Udongo ulikuwa umegeuka tope, na ng'ombe walikuwa wakipita juu yake.

Uzi ule wa maji unanitisha kuliko bomba lililopasuka. Panapovuja nje pananyonya ndani. Koki ya juu ikifungwa, maji yaliyomo yanashuka na kuvuta nyuma yake, na tope lile pamoja na kinyesi cha ng'ombe linaingia bombani. Maji yakirudi, yanapeleka uchafu ule kwenye ndoo. Burundi inakijua kipindupindu. Haifai kukitengenezea mlango sisi wenyewe. Hali ni hiyo hiyo mahali ambapo tangi la maji ya mvua limeunganishwa na bomba la mtandao bila valvu ya kuzuia maji kurudi.

Kwa upande wa gesi nitakuwa mfupi, maana hapa karibu kila nyumba inapika kwa kuni na makaa. Hata hivyo, tangu Gitega ifanywe makao makuu ya kisiasa mwanzoni mwa 2019, fundi bomba anaombwa aunganishe mtungi wa gesi pia. Jirani zetu Tanzania wamejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nasi tutafuata. Makosa ninayoyaona ni mpira wa bustani uliowekwa badala ya mpira wa gesi, waya badala ya klipu, na mtungi uliofungiwa kabatini huku tundu la hewa likiwa juu ukutani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo tundu liwe chini. Na anayetafuta uvujaji kwa kiberiti aache leo. Povu la sabuni linatosha.

Nikirudi kwenye maji, ninachoomba semina hii ikubali ni kwamba mtaro wa bomba lililoungwa uachwe wazi usiku mmoja, uzungushiwe miti ili mtoto asitumbukie. Jioni robine zote zifungwe, alfajiri fundi arudi na geji ya presha aangalie ungio lake likiwa limebeba mzigo kamili. Najua fundi wa kibarua hawezi kulala bila posho. Basi kamati za maji zilipe nusu jioni na nusu alfajiri, jambo lisiloongeza gharama hata faranga moja. Na kabla ya kufukia, fundi aandike kwenye daftari la Regi ya Maji, chombo cha tarafa kinachosimamia maji, alichokikuta: kilima gani, kina gani, bomba la PN ngapi, limeungwa kwa kitu gani, na kama tangi la juu limerukwa. Jina la aliyeunga vibaya lisiandikwe. Likiandikwa, hakuna fundi atakayelileta daftari lile.