Mizani Isiyoonekana: Habari za Sheria za Akili Mnemba Zimfikie Mfanyabiashara

(Mada iliyotolewa katika semina ya wajasiriamali wadogo na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Ngarenaro, Arusha)

 

 Tunawashukuru ninyi mliofunga maduka, mliowaachia watoto genge na mliosimamisha cherehani ili mje kutusikiliza. Tunajua asubuhi moja ya biashara ina thamani gani, kwa hiyo hatutawachosha.

Mada yetu inahusu sheria na sera za akili mnemba, yaani uwezo wa kompyuta kujifunza kutokana na taarifa nyingi na kisha kutoa majibu, ushauri au uamuzi ambao zamani ungetolewa na mtu. Mada hii ilipopendekezwa, baadhi yetu tuliguna. Tulisema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi shida yetu ni mtaji, pango na ushuru. Baadaye tulibadili mawazo, na tungependa kuwaeleza kwa nini.

Tuanze na mizani. Kila anayeuza mchele au nyama anajua kwamba Wakala wa Vipimo hukagua mizani yake. Vitabu vyetu vitakatifu navyo havikunyamaza. Torati na nabii Amosi wanakemea mizani ya udanganyifu, na Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la watu wanaopunja vipimo. Kumpunja maskini kwenye mizani ni dhambi ya zamani sana.

Leo kuna mizani nyingine ambayo hatuioni. Unapoomba mkopo kwa simu, hakuna afisa anayekutazama usoni wala kuja kuona duka lako. Kompyuta inapima miamala yako na mwenendo wako wa kulipa, na kwa dakika chache inaamua upate kiasi gani, au usipate kabisa. Je, mizani hiyo inakaguliwa na nani?

Katikati ya mwaka 2024 alitujia mama mmoja anayeuza mitumba. Alikuwa amekopa kupitia programu ya simu, biashara ikadorora, akachelewa kurejesha kwa siku chache. Ghafla wateja wake, fundi wake, mashemeji zake na hata mchungaji wake wakapokea ujumbe unaomwita tapeli. Programu ile ilikuwa imechota namba zote zilizokuwa katika simu yake. Mama yule hakuja kuomba fedha. Alikuwa na swali moja tu: "Hivi hii inaruhusiwa?"

Ndugu zetu, tunakiri kwa aibu kwamba hatukuwa na jibu. Tulimwombea, tukamchangia, akalipa, na wateja wengine hawakurudi. Lakini jibu lilikuwepo, tena hapa hapa nchini kwetu.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya kila mtu. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024, na mwananchi aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko huko. Mwezi Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kumbe mama yule alikuwa na pa kwenda. Tatizo ni kwamba yeye hakujua, na sisi tuliotakiwa kumwambia hatukujua.

Hili ndilo tunaloomba mwende nalo nyumbani: sheria usiyoijua haikulindi, lakini bado inakufunga. Mahakamani husemwi kuwa huna kosa kwa sababu hukupata habari.

Ni kweli kwamba, hadi tunapozungumza, Tanzania haina sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya akili mnemba. Lakini chakula cha akili mnemba ni taarifa, na taarifa za watu tayari zina sheria. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Kwa hiyo ukinyimwa mkopo na kompyuta, una haki ya kuuliza na kuomba binadamu aangalie upya. Ni wangapi kati yetu tulioko hapa tuliwahi kusikia hilo?

Sasa tugeuze upande wa pili, maana na sisi tunashika mizani. Katibu wa kikundi ana daftari la majina, namba za simu na madeni ya wanachama. Mwenye saluni ana picha za wateja. Kampuni ndogo ya utalii ina nakala za pasipoti za wageni. Wote hawa wanatunza taarifa za watu, na sheria inawahusu. Wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume. Mwisho wa kujisajili uliwekwa tarehe 31 Desemba 2024, kisha ukasogezwa hadi tarehe 30 Aprili 2025. Mei 2024 Mahakama Kuu nayo iliamuru baadhi ya vipengele vya sheria hiyo virekebishwe. Mnaona jinsi mambo yanavyokwenda: aliyesikia mara moja na kuketi, habari yake imeshachakaa.

Wenzetu wa Kenya wameshaonja adhabu. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo alitoza faini ya jumla ya shilingi za Kenya 9,375,000 kwa taasisi tatu. Moja ilikuwa ya mikopo ya mtandaoni. Ya pili ilikuwa sehemu ya starehe iliyoweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na ya tatu ilikuwa shule iliyoweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mgahawa na shule, ndugu zetu, si makampuni makubwa ya teknolojia.

Na upepo unavuma kutoka pande zote. Umoja wa Afrika uliridhia Mkakati wa Bara wa Akili Mnemba mwezi Julai 2024. Rwanda ilikuwa na sera yake tangu mwaka 2023, na Kenya ilizindua mkakati wake mwezi Machi 2025. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kufanya kazi tarehe 1 Agosti 2024, na makatazo yake ya kwanza yakaanza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Sisi wa Arusha tunaoishi kwa wageni na kahawa tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Mnunuzi anayebanwa na sheria kwao, kesho atakuuliza wewe unatunzaje taarifa zake.

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo katika jiji hili hili. Wataalamu wanakuja Arusha, wanajadili sera katika kumbi nzuri, wanaondoka. Kutoka kumbi hizo hadi Ngarenaro si mwendo mrefu, lakini habari huchukua miaka kufika, na mara nyingi hufika pamoja na faini. Umbali huo ndio tunaotaka kuufupisha.

Kwa wafanyabiashara tunashauri mambo manne. Kwanza, kabla ya kukopa kwa simu, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na usome programu inaomba kuingia wapi. Ikitaka namba za watu wako wote, jiulize inazitakia nini. Pili, usiweke picha wala jina la mteja kwenye matangazo bila ridhaa yake. Tatu, usimwage pasipoti, hesabu za kikundi au habari za ugonjwa wa mtu kwenye programu za akili mnemba kwa sababu tu zinaandika barua vizuri. Mashine nyingi za namna hiyo ziko nje ya nchi, na sheria yetu imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje. Nne, ukionewa, andika tarehe, tunza ujumbe, na ulalamike Tume.

Kwa upande wetu tunaahidi mambo matatu. Kila toleo la jarida hili litakuwa na ukurasa mmoja wa habari za sheria hizi kwa Kiswahili cha sokoni. Kila kikundi kitachagua mtu mmoja wa kufuatilia na kuwasomea wenzake siku ya mkutano, dakika kumi tu kabla ya kuhesabu hisa. Na sisi wenyewe tutaanza kwa kusafisha nyumba yetu, kwa sababu tumekuwa tukichapisha picha za wanufaika bila kuwauliza. Hatuwezi kuhubiri mizani ya haki huku ya kwetu imepinda.

Teknolojia hii ina manufaa yake, na hatuko hapa kuitia laana. Inaweza kumsaidia fundi kuandika bei kwa Kiingereza, na mkulima wa miteremko ya Meru kutambua ugonjwa wa mazao. Tunachokataa ni mtu wa Mungu kupimwa kwa mizani asiyoiona, na kukosa hata wa kumuuliza.

Mama yule wa mitumba bado ni mwanachama wetu, na leo yumo humu ukumbini. Mama, tumechelewa, tunakuomba radhi. Jibu la swali lako ni hapana, hairuhusiwi.